Bomba la Nyuma ya Darasa la Sita

Jumanne, wakati wa mapumziko, mtoto mmoja alifungua bomba la nyuma ya darasa la sita na maji yakaenda juu. Yalipanda wima, membamba kama uzi, yakapita paa la bati, yakapotelea angani. Mtoto alifunga bomba, akaenda kumwambia mwalimu wa sayansi kwamba ndoo haijai.

Mwalimu alikuja na chaki mkononi, akatazama. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiandika ubaoni, watoto wakinakili. Hili hakuwahi kuliandika.

"Tufanyeje, mwalimu?" wakamuuliza. Kiu ilikuwa imewabana.

"Sijui," akasema, na neno lenyewe lilimtoka kwa shida kama jino. "Kaeni watano watano. Kila kundi lije na njia yake. Ikishindikana tunaiandika, tunajaribu nyingine."

Mwalimu mkuu alimvuta pembeni. "Wape jibu waandike. Mtihani huo umefika."

"Jibu sina, mkuu. Na wewe huna."

Kundi la kwanza lilifunika bomba kwa sahani. Maji yakapita pembeni. La pili lilishika ndoo juu ya bomba, mdomo chini. Ilijaa, ikawaponyoka, ikapaa. Mwalimu aliandika yote ubaoni, hakufuta kitu. Ndipo aliponyoosha mkono msichana waliyemwita Kimya, aliyerudia darasa mara mbili na ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akijibu swali.

"Ndoo tuifunge kamba kwanza," akasema. "Kamba tuifunge kwenye jiwe."

Kufikia Ijumaa shule nzima ilikuwa inakunywa. Ndoo zilielea barazani, kila moja na jiwe lake. Mpishi alilalamikia tu vifuniko vya sufuria, vilivyokuwa vikipaa.

Kwenye mtihani, swali la tisa liliuliza maji hutiririka kuelekea wapi. Kimya aliandika: "Inategemea bomba. La kwetu hupandisha." Akachora ndoo, kamba na jiwe, na uzito wa jiwe akauonyesha. Swali hilo alipewa sifuri, na kwa kukosa alama hiyo moja akafeli.

Afisa elimu alipoleta matokeo, mwalimu alimkaribisha maji. Afisa aliinamia kikombe kilichopinduliwa, akanywa yote. Tone moja lilimpanda puani. Akalifuta lilipofika kwenye nyusi.

"Mtoto ameandika kweli," mwalimu akasema.

"Nimekusikia, mwalimu. Lakini majibu yalikuja yamechapishwa. Jibu ni chini." Akaomba kikombe cha pili.

Mwalimu hakulala vizuri wiki ile. Kimya alirudi darasa la sita kwa mara ya tatu.

Siku ya kufungua shule ubao ulikutwa umeota majani mabichi, chaki haishiki. Mwalimu alisimama mbele yake akijikuna kichwa, akasikia sauti kutoka dawati la nyuma. Kimya alikuwa amewakusanya wadogo wanne walioingia mwaka huo, naye ameegemea viwiko.

"Haya," alikuwa akiwauliza, "nyie mnaonaje?"

Mwalimu alitia chaki mfukoni, akavuta kiti, akakaa nao.