Honi Moja kwa Lorraine

Kwetu Northumberland, kaskazini mwa Uingereza, mtu akitimiza miaka hamsini wenzake humtundikia shuka kwenye kipilefti, lina picha yake ya aibu, na madereva humpigia honi. Mama yangu, Lorraine, amewatundikia wengi na kuwacheka sana. Zamu yake ilipofika, aliyetundika ni Baba, na walikuwa wameshaachana.

Picha ilikuwa ya baharini. Mwaka uliotangulia, Mama na wanawake wenzake walivua nguo zote alfajiri wakaingia kwenye maji ya baridi kali, kuichangishia nyumba ya wagonjwa alikofia Bibi. Titi lake la kushoto lilikuwa limeshakatwa kwa saratani. Mpiga picha wa gazeti alimwuliza kama anaruhusu picha itoke gazetini. Mama, meno yakigongana, akasema itoke, aone haya ya nini? Siku ile alilionea fahari kovu lake.

Sasa, kwenye shuka, kovu lilikuwa pana kama mlango, na chini yake Baba ameandika: PIGA HONI MOJA, LIMEBAKI MOJA.

Tulikwenda polisi, mimi nimembeba mwanangu kifuani. Mama alitaka jambo moja tu: shuka lishushwe kabla watoto wa shule anayopikia hawajapita. Konstebo Hallam, msichana wa rika langu, alimsikiliza hadi mwisho. Akatueleza kwamba kusambaza picha ya mtu akiwa uchi bila ridhaa yake ni kosa, ila sheria imeacha nafasi. Kama mtu alivua mwenyewe mahali pa watu wote, pasipo faragha, si kosa. Kama picha ilishatoka hadharani kwa ruhusa yake, pia si kosa. Ya Mama iliangukia kote kuwili.

"Ruhusa niliitoa kwa ajili ya wagonjwa," Mama akasema. "Huyu sikumpa."

"Najua, mama. Lakini sheria haiulizi ulimpa nani."

Nje, Baba alikuwa ameegemea gari lake anatafuna mkate wa soseji.

"Nilimwuliza wakili kwanza, Lorraine," akasema kwa upole. "Unanijua, mimi sibahatishi."

Mama akampita akaenda zake. Alipitia jikoni kwake akachukua mkasi, nami nikamfuata hadi kipilefti. Magari yalizunguka, kila moja likipiga honi moja. Madereva wengine tuliwajua, mashuka yao alikuwa ameyapaka rangi yeye. Akakata kamba, kisha akalikata shuka kipande kipande, taratibu, kama anayekata nguo ya mtoto.

Baba alifika na Konstebo Hallam. Shuka ni lake, akasema, amelinunua. Akataka kujua kama kwa kuharibu mali ya mtu pia sheria imeacha nafasi.

Konstebo alitazama nyasi. "Hapana," akasema. "Nani kakata?"

"Mimi," Mama akasema, akampa mkasi.

Mwanangu alianza kulia. Mama akamfuta mashavu kwa kiganja chake kilichochafuka rangi.

"Mnyonyeshe ashibe," akaniambia. "Usitufuate."

Akaingia kwenye gari la polisi. Dereva mmoja, asiyejua shuka limekwenda wapi, akapiga honi.