Kadi Kwenye Gauni la Mteja

Mama mzazi wa fundi huyu wa cherehani alimbandika jina la Kiguu-na-njia akiwa na miaka sita, na jina likamganda. Shuleni alichapwa kwa kutotulia kitini, nyumbani kwa kuunguza vyungu. Sasa ana miaka thelathini na minne, ana duka, ana magauni kumi na moja ya wateja ambayo hajayamalizia mikono, na ana binti wa miaka minane, naye hatulii. Maji hufuata mkondo.

Mwalimu wa binti alishasema: leteni barua ya daktari, la sivyo mtoto anarudia darasa. Na kliniki walishaikosa mara mbili. Wakikosa leo saa tatu, jina linafutwa.

"Safari hii sisahau ng'o!" Kiguu-na-njia alijiapiza jana, akaishona kadi ya kliniki kifuani mwa gauni atakalovaa. Akili hiyo, jamani!

Asubuhi kavaa gauni, kadi hakuna. Wakapekua duka zima. Binti akakuta kopo la vifungo, mama akamsaidia kuvipanga kwa rangi. Walikuwa wameshafika kwenye vya bluu mlango ulipopigwa teke.

"Wee fundi!" Alikuwa mteja aliyechukua gauni lake jana jioni. "Ofisi nzima inanisoma kifua! Bosi kaniuliza naumwa nini!"

"Shoga yangu, Mungu akubariki! Saa ngapi?"

"Saa tatu kasorobo."

Kufumua kulihitaji muda, na mshono wa Kiguu-na-njia haukuwa wa mchezo. Akamkamata mteja mkono, binti mkono wa pili, mbio. Kliniki nesi akaisoma kadi palepale ilipo, huku mteja kageuza uso ukutani kwa aibu.

"Huacha kazi katikati?" daktari alimuuliza binti.

"Ndiyo. Mama pia."

"Hupoteza vitu?"

"Ndiyo. Mama pia."

Daktari akageuka amuulize mama. Kiti kitupu. Mama alikuwa dirishani, kachomoa sindano kwenye kilemba, anapinda pazia lililofumuka.

"Nakusikia, daktari, endelea tu."

Daktari akacheka, kisha akamweleza taratibu: huu si ukaidi wala uvivu. Ni hali ya ubongo, mara nyingi hurithiwa, na wengi hukua nayo. Inasaidika, kwa mtoto na kwa mtu mzima.

Kiguu-na-njia akakaa. Kwa mara ya kwanza siku ile, akakaa kweli.

"Kwa hiyo nilichapwa bure?"

"Bure kabisa, mama."

Machozi yakamtoka, hakuyazuia. Mteja akasahau hasira, akampa leso.

Daktari akaandika barua ya mwalimu, na kadi ya pili, ya mama. Kiguu-na-njia alipoishika tu, mkono ukaenda kwenye sindano. Mteja akafunika kifua kwa mikono miwili.

"Thubutu! Siku ikifika nitakuja kukuchukua mwenyewe."

Binti alikuwa anamtazama mama yake. "Mama, na wewe hutachapwa tena?"

"Hachapwi mtu tena, mwanangu."

Wakatoka wameshikana mikono. Pazia likabaki limepindwa nusu.