Kisigino cha Msafara

Katika nchi ya Taadhima, iliyopakana na nchi ya Bayani kwa upande wa machweo, adabu ilipandishwa cheo hata ikaikalia akili kichwani. Sultani Jalali, ambaye roho ilimuuma kila alipomwona mtu akienda zake, alikuwa ametoa amri kwamba kiumbe yeyote mwenye miguu miwili asithubutu kulielekezea kisogo kasri lake. Raia waliipokea amri hiyo kwa vigelegele, maana walikuwa watu wa kupenda kuamrishwa kama wengine wanavyopenda halua. Mkulima alilima akilitazama kasri. Bibi harusi aliingia kwa mumewe akitanguliza mgongo. Hata wafu walizikwa nyuso zao zikilielekea, asije mmoja wao akakosa heshima hali amekwisha kufa. Aliyeasi alifukuzwa nchini, akanyang'anywa nyumba yake, na jamaa zake wakakatazwa kumtaja hata katika dua.

Utaniuliza, je, safari? Safari walisafiri, tena kinyumenyume, na wakaona fahari. Mpakani palikuwa na mahali pa ziara palipoitwa Suluhu, mwendo wa kutwa kutoka mjini, ambapo lango lake lilifunguliwa siku moja tu kwa mwaka na kufungwa jua linapozama. Waliopajenga walikusudia watu wa Taadhima na wa Bayani wakutane humo uani, wale pamoja, waulizane hali. Lakini watu wa Taadhima walifika kila mwaka giza limekwisha kuingia, wakalikuta lango limefungwa, wakabusu komeo, wakarudi kwao kwa mbio wakishukuru kwamba ziara imekubaliwa. Mimi ningekuwa komeo ningeona haya.

Bi Hamu, mfinyanzi wa vyungu, alikuwa amechoka kubusu komeo. Pacha wake, Liwaza, aliolewa Bayani wangali wasichana, nao waliagana kwamba watakutana Suluhu kila mwaka. Hawakukutana hata mara moja. Mwaka huu mfanyabiashara mmoja alimletea Hamu habari kwamba mume wa Liwaza anahamisha watu wake wote ng'ambo ya jangwa, na kwamba baada ya ziara hii Liwaza hatakuja tena. Hamu alilia, akafuta machozi, akaenda kujiandikisha msafarani mapema kuliko watu wote.

Waliondoka alfajiri, kamba moja ikipita viunoni mwao wote, nyuso zimelielekea kasri. Aliyekuwa karibu zaidi na kasri ni Mwinyi Takabari, kiongozi wa msafara, ambaye kwa heshima ya cheo chake alikuwa mbali kuliko wote na mahali walikokuwa wakienda. Mbele ya macho yake hapakuwa na mtu hata mmoja, na ndivyo alivyopenda. Nyuma yake alikuwa Bwana Fitina, ambaye kazi yake mjini ilikuwa kujua mambo ya watu. Kisha mahujaji wengine. Kisha Bi Bashasha, mnene wa mwili na mwepesi wa kicheko. Na mwisho kabisa, yaani mwanzo kabisa, Bi Hamu. Yeye alikuwa amepewa kazi iitwayo Kisigino cha Msafara, ya kuipapasa njia kwa kisigino na kuwatangazia wenzake alichokanyaga.

"Mawe," alitangaza Hamu.

"Mawe yenye baraka," waliitikia wote.

"Tope."

"Tope lenye baraka."

"Punda."

"Punda mwenye baraka," waliitikia, na punda huyo, ambaye hakuwa raia wa Taadhima, akarusha teke lililomlaza Bashasha chali. Kamba nayo haikumsahau mtu. Msafara mzima ulilala mmoja baada ya mwingine hadi kwa Mwinyi Takabari, aliyeanguka kwa taratibu kama mtu aliyekuwa amepanga kukaa.

Bashasha alicheka mpaka akashika mbavu. "Shoga yangu Hamu, mwakani nitakuja na mto niufunge huku nyuma."

"Mwakani ni mbali, dada," alijibu Hamu, na hakucheka.

Wakainuka, wakajikung'uta, wakaanguka tena kijitoni, wakaanguka tena penye mizizi. Jua lilivuka utosi likaanza kuteremka. Hamu alikiona kivuli chake kikirefuka mbele yake. Alijua kwamba kwa mwendo ule watabusu komeo tena. Alimfikiria Liwaza akikaa peke yake uani, akila peke yake, kisha akienda zake moja kwa moja. Akaogopa nyumba yake, akaogopa kufukuzwa, lakini zaidi ya hayo yote aliogopa kuzeeka bila kuuona tena uso wa nduguye. Basi akageuka.

Subhana! Kumbe njia ilikuwa nyofu, nyeupe, imepandwa mikomamanga pande zote mbili, na mwisho wake lango la Suluhu likimeremeta, liko wazi. Hamu alishika kamba kwa mikono miwili akaanza kuvuta. Msafara ukaenda shoti kinyumenyume, wazee wakirukaruka, kanzu zikipepea, wala hapakuanguka mtu.

"Leo Kisigino kina macho," alisifu Bashasha akihema kwa raha.

Ndipo Bwana Fitina alipopaza sauti. "Simameni. Mwinyi, nashitaki. Bi Hamu amegeuka, na kisogo chake kiko waziwazi mbele ya kasri."

Msafara ukasimama. Mwinyi Takabari akaunda baraza papo hapo njiani, yeye kadhi akilikabili vumbi tupu, mshitaki nyuma yake, na mshitakiwa nyuma ya wote.

"Bi Hamu," alisema kadhi, akiliambia vumbi, "unasikia unayoshitakiwa? Adhabu yake ni kuhamishwa nchini leo hii. Jitetee."

"Mwinyi," alisema Hamu, "naomba nimwulize shahidi swali moja. Bwana Fitina, umeniona kweli?"

"Nimekuona kwa macho yangu haya mawili."

"Mimi niko nyuma yako, bwana wangu, na baina yetu kuna watu tele. Wakati ulipokuwa ukiniona, wewe ulikuwa umeelekea wapi?"

Masikio ya Bwana Fitina yakaiva. Bashasha akaanza kutikisika, kwanza mabega, kisha tumbo, kisha kamba yote ikatikisika pamoja naye.

"Nisamehe, Mwinyi," alisema akijifuta machozi, "hata mimi ninachungulia tangu kwenye mizizi."

"Mimi tangu kijitoni," alisema mwingine.

"Mimi tangu mwaka juzi," alisema mzee mmoja kwa upole.

Kicheko kikawashika wote, wakashikana mabega wasianguke. Mwinyi Takabari alingoja kipungue, na kilipokataa kupungua alisema, "Sheria inanitaka niwafukuze nyote."

"Utufukuze, Mwinyi," alijibu Hamu, "lakini Sultani atabaki na nani wa kumtazama?"

Kadhi akauliza kwa sauti ndogo, "Hilo lango liko karibu?"

"Geuka, Mwinyi."

Akageuka pole pole, kwanza shingo, kisha kilemba, kisha mwili, na alipoliona lango na jua likiligusa ukuta, alikunja kanzu yake hadi magotini akatimua mbio. Wote wakakata kamba wakamfuata, vijana kwa wakongwe, wakipiga kelele za furaha kwa sababu tu ya kuona wanakokwenda.

Hamu aliwapita wote. Ndani ya ua, Liwaza alikuwa amekwisha kufunga kifurushi na anavaa viatu. Aliinua macho akamtazama Hamu.

"Kila mwaka nilikungoja hapa langoni," alisema. "Na kila mwaka, jua likiinama, niliwaona watu wa kwenu kule bondeni, migongo mitupu. Nilidhani mmefika, mmetuona, mkaamua kurudi kwenu. Basi nililia, nikaenda zangu."

Hamu alimshika nduguye uso kwa mikono miwili, asimwachilie hata mlinzi alipokuja na ufunguo.