Mkono Kwenye Boneti
Osea aligonga boneti ya gari la Sebastian asubuhi nzima mpaka ikanyooka, akaenda kunawa. Aliporudi, mbonyeo ulikuwa umerudi palepale: kiganja cha kushoto, vidole vimetanuka, cha pete kimepinda.

Chuma ndivyo kilivyo, fundi bodi yeyote wa Tunduma atakuambia. Ukikinyoosha, kinakumbuka kilivyokunjwa. Akakipasha moto, akakimwagia maji, akagonga tena. Mkono ukarudi. Hapo akaweka nyundo chini, maana kidole kile alikifahamu. Kilivunjwa na mkanda wa mashine ya kusaga, na mwenye kidole, Felista, mdogo wa mkewe, aligongwa juzijuzi pale Nanyala akitoka kupeleka kahawa. Gari halikusimama. Walimzika Jumamosi.

Mkewe, Tabita, alileta chakula, akauona. Akaweka kiganja chake mle ndani, akapima.

"Ni wa mdogo wangu," alisema, kisha akapakua ugali.

Sebastian, aliyekuwa amesema kagonga ng'ombe, alikuja alasiri na boneti nyingine, ya alumini, kutoka Nakonde ng'ambo ya mpaka, imebonyea kidogo pembeni. Aliutazama ule mkono kama mtu anavyotazama kutu.

"Weka hii, fundi. Alumini haina kumbukumbu."

Kiwanja cha gereji kilikuwa cha Sebastian. Hakukitaja. Aliuliza tu kwa upole watoto wa Osea wanaendeleaje, na Osea akaelewa vizuri sana.

Sasa alumini ina adabu yake. Haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka, kwa hiyo unaipaka sabuni, na sabuni ikigeuka kahawia unaondoa moto. Tena inataka nyundo yake peke yake, kwa sababu nyundo iliyogonga chuma huacha chembe za chuma ndani yake. Osea alishika nyundo zote mbili. Akigonga kwa ile iliyogonga chuma, chembe zingehama, na mkono ungehama nazo. Alijua. Akachukua ile safi. Mwoga yule, tuseme ukweli.

Gari likatoka linang'aa. Tabita akajitwika boneti ya chuma mpaka kituo cha polisi. Askari aliupima mkono, akakubali ni wa Felista, akampa pole, kisha akauliza boneti imetoka kwenye gari la nani. Tabita akasema fundi ndiye aseme, na Osea akaitwa. Alijibu huku mkewe amesimama ubavuni pake, bega kwa bega.

"Niliiokota kwenye skrepa, afande."

Mpaka leo Tabita humpelekea chakula gereji, anakiweka chini, anaondoka bila kumkaribisha.

Polisi waliwarudishia wafiwa boneti; ipo Nanyala, imeegemezwa ukutani kwa Ezron, mume wa marehemu. Jioni watoto wa Felista hupokezana kuweka viganja vyao mle, kwa kuwa huwa mna joto. Sebastian akipita barabarani hupiga honi, maana ni mtu wa watu. Nao humpungia, kwa mkono ulio huru.