Wa Kwanza Kufungua

Kila siku saa kumi na moja alfajiri natuma tafakari ya Injili kwenye kundi la simu la kigango chetu, na kila siku watu wananijibu kwa kapicha ka mikono inayosali. Mikono tu. Niandike habari za mwana mpotevu, mikono. Niandike habari za Yuda, mikono. Mwaka juzi nilikosea nikatuma orodha yangu ya sokoni, sabuni, dagaa na vitunguu, nao wakajibu mikono ileile, na mmoja akaongeza: "Amina, Mwalimu Siang, leo umenigusa."

Nilifundisha darasa la nne miaka thelathini na minne hapa mjini kwetu, kisiwani Panay, kwa hiyo mtu asiyenisikiliza namjua hata akiwa ndani ya simu. Sikuacha. Mume wangu Anselmo alishafariki, watoto hatukujaliwa, na mwanamke wa miaka sabini na moja aliye peke yake lazima awe na sababu ya kuamka. Nyumba yangu ina vyumba viwili. Kimoja nalala mimi, kingine anakaa Mama wa Mateso.

Huyo ni sanamu ya Bikira Maria ya familia yetu. Uso na mikono ni ya mbao, vazi ni la mahameli nyeusi, na Ijumaa Kuu anatoka kwenye maandamano juu ya gari la maua, familia inayomtunza ikitembea nyuma yake. Bibi ndiye aliyemtunza, kisha mama. Mama alipofariki, miaka tisa iliyopita, nikamchukua mimi. Tatizo ni jinsi nilivyomchukua. Novena ya marehemu, sala za siku tisa, ilikuwa imefika siku ya tano. Kila jioni watu walikuwa wanakuja kumwombea mama mbele ya sanamu hiyo, katika nyumba ya mama, ambamo kaka yangu Crispulo anaishi mpaka leo. Nikasikia fununu kwamba binamu zetu wa Manila wanamtaka Mama wa Mateso. Nilikuwa nimemshonea nguo kwa miaka mingi na damu ikanichemka. Asubuhi ya siku ya sita nikaja na bajaji, nikamfunga shuka, nikamwondoa. Kaka alisimama mlangoni akaniambia, "Umemzika mama mara ya pili."

Tangu siku hiyo hatukusemezana. Nyumba yake ni ya tano kutoka kwangu. Kanisani yeye hukaa upande wa Mtakatifu Yosefu, mimi upande wa Bikira Maria, na padre akisema tutakiane amani namgeukia kila mtu aliye karibu nami kwa bidii kubwa, ili nisiwe na nafasi ya kutazama ng'ambo.

Sasa niseme siri yangu. Simu huonyesha majina ya waliofungua ujumbe, na kila siku, kwa miaka minane tangu kundi lianze, wa kwanza kufungua ni Crispulo. Dakika mbili au tatu baada ya kutuma, jina lake hilo hapo. Hajawahi kutuma mikono. Hajawahi kutuma hata nukta. Lakini anafungua kabla ya watu wote, na mimi huwa nimekaa kitandani na shuka miguuni nikilisubiri jina hilo, na likitokea ndipo naenda kuchemsha tangawizi yangu.

Kwa hiyo watu arobaini wa kigango wanisamehe, sikuwa nawaandikia wao. Nilikuwa nikichomeka humo vitu ambavyo mtu mmoja tu angevielewa: yule nyati wa baba wa kulimia, aliyeingia kanisani siku ya Matawi, mti wa matunda ya santoli tuliokatazwa kuukwea. Nilijiambia, anasoma, kwa hiyo tunaongea. Na mtu anayeongea na kaka yake kila siku ana haja gani ya kwenda kumgongea mlango?

Ijumaa ya wiki ya kwanza ya Kwaresima kuna Injili ambayo kila mwaka hunikuta. Ni pale Bwana anaposema kwamba ukiwa umefika altareni na sadaka yako, ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka hapohapo, uende kwanza mkapatane. Nimeiandikia tafakari mara nane. Mara ya kwanza niliongelea majirani. Mara ya pili, mataifa yenye vita. Mwaka mmoja niliwasema wanasiasa mpaka padre akanipigia kuniomba nipunguze makali. Uzisome zote nane, hutajua kama mwandishi ana ndugu.

Mwaka huu niliandika mistari mitatu. Niliandika kwamba wako watu wanaopeleka sadaka kila siku ili wapate udhuru wa kutokwenda kwa ndugu zao, na kwamba mimi nawajua kwa sababu mimi ni mmoja wao. Nikatuma, nikasubiri jina.

Halikuja. Ikapita robo saa. Mikono ikaanza kuingia, mmoja baada ya mwingine, na Crispulo hayumo. Saa kumi na mbili, hayumo. Saa moja, hayumo. Tangawizi sikuchemsha. Kaka yangu ana miaka sabini na sita, na nilimwona akilini amelala sakafuni, na mimi bado napanga maneno mazuri. Saa moja na nusu nikavaa viatu, nikachukua kichane cha ndizi ili nisiingie mikono mitupu, nikatoka. Nyumba tano. Sikumbuki kama nilimsalimia mtu njiani.

Aliyekuwa uani ni Jovelyn, mke wa mtoto wa kaka, anafua. Aliponiona akasimama na povu mpaka viwiko.

"Shangazi? Nani kafa?"

"Hilo nimekuja kuuliza mimi. Baba mkwe wako mzima?"

"Mzima! Ameshalalamika mara tatu kwamba kahawa nyepesi."

Nikashika kamba ya nguo. "Mbona leo hajafungua simu?"

"Simu gani?"

"Simu yake, Jovelyn. Tafakari yangu. Kila siku huwa anafungua wa kwanza."

Akanitazama kama anayetafuta njia ya kunikwepa ndani ya ua wake mwenyewe. "Shangazi, Baba hana simu. Alinipa mimi, macho yake yalipoanza kuingia ukungu. Nilikuwa na mimba ya huyu mkubwa, na huyu sasa yuko darasa la pili. Jina tu sijabadilisha, sijui linabadilishwaje."

"Kwa hiyo ni wewe."

"Naamka saa hizo kuwapikia watoto wali. Leo umeme ulikatika, simu ikazima."

"Na wewe ndiye unayesoma?"

Akaanza kukamua shati ambalo alikuwa ameshalikamua. "Nafungua, Shangazi. Kile kidoti chekundu kinanikera, nikikiona siwezi kufanya kazi. Nikifungua kinaondoka."

"Husomi hata kidogo?"

"Ile ya sabuni na dagaa niliisoma. Ilikuwa fupi."

"Na yeye hujawahi kumsomea?"

"Aliwahi kuniuliza unaandika nini humo. Nikamwambia mambo ya kanisa. Akasema, haya."

Nilitaka kucheka, kicheko kikagoma. Miaka minane, kila siku ya Mungu, nyati wa baba na mti wa santoli, vyote nilikuwa nimemwandikia Jovelyn na kidoti chake. Sijawahi kujiona peke yangu namna ile, hata siku ya kumzika Anselmo, maana siku ile angalau nilijua ni nani niliyempoteza. Hapa nilikuwa nimempoteza mtu ambaye hakuwahi kuwepo.

Ningeweza kuziacha ndizi nikarudi. Nilishageuka, nisidanganye. Ndipo sauti ikatoka barazani nyuma ya nyumba: "Jovelyn! Unaongea na nani?"

Jovelyn aliinama kwenye beseni lake, akaniachia mimi.

Kaka alikuwa amekaa kwenye kigoda na ungo mapajani, anachambua choroko za Ijumaa, siku isiyoliwa nyama. Alikuwa akizichambua kwa vidole, uso ameuelekeza ukutani. Nilikuwa nikimwona kanisani kila Jumapili kwa pembe ya jicho na sikujua kuwa haoni. Nilidhani ananinunia.

"Ni mimi, Manong," nikasema. Ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, na neno hilo lilikuwa halijatoka kinywani mwangu miaka tisa.

Vidole vikasimama, kisha vikaendelea. "Mimi nani?"

"Siang."

"Siang yupi? Kuna Siang anauza mkaa sokoni."

"Siang uliyemsukuma topeni na gauni lake la komunyo ya kwanza."

"Ulijisukuma mwenyewe."

Nikakaa kwenye benchi. Nilikuwa na maneno mengi, ndiyo kazi yangu, lakini kila nililolitafuta lilikuwa la ubaoni. Nikaacha kutafuta. "Nilimchukua Mama wa Mateso kabla novena haijaisha. Binamu hakuna aliyekuwa anakuja, na hata kama angekuja, nilikosa. Nisamehe, Manong."

Alitoa kijiwe kwenye choroko, akakitupa uani.

"Zilikuwa zimebaki siku ngapi?"

"Nne."

"Unadhani tulizimaliza?"

Siku zote nilidhani walizimaliza. Nikamwambia hivyo.

"Jioni ile watu walikuja, wakakuta meza tupu," alisema. "Wakaanza kunong'ona. Nikawafukuza. Kiongozi wa sala nikamwambia aende akasali kwa mwizi. Kesho yake hakuja mtu, na mimi nikajilaza, sikupiga hata goti. Mama yetu aliombewa siku tano, Inday. Kama mpita njia."

Inday, jina la dada mdogo. Hakuna mtu duniani aliyebaki wa kuniita hivyo isipokuwa yeye.

"Ndiyo maana hukutaka kuongea na mimi?"

"Mwaka wa kwanza nilikuwa na hasira na wewe." Aliuweka ungo chini. "Baada ya hapo nilikuwa naogopa. Nilijua siku ukija utaniuliza tuliimalizaje."

Nikamwambia kwamba mimi zile siku nne nilizisali kwangu, mbele ya sanamu.

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Nani alikuwa anakuitikia?"

"Hakuna."

"Basi hiyo siyo novena. Hizo siku bado zipo." Akajifuta mikono kwenye suruali. "Na usifurahi. Hasira na wewe bado ninayo."

"Na mimi ninayo na wewe. Umenichunia miaka tisa."

"Vizuri. Anza basi, siku ya sita. Kusoma siwezi, ila majibu yote nayajua."

Ilikuwa saa mbili asubuhi, saa ambayo hakuna anayesali novena, na jua lilikuwa linanipiga usoni. Kitabu sikuwa nacho. Rozari nilikuwa nimeisahau nyumbani. Nikafanya ishara ya msalaba, naye akafanya, mkono wake ukitafuta paji la uso.

"Raha ya milele umpe, ee Bwana," nikasema.

"Na mwanga wa milele umwangazie," akaitikia kaka yangu.