Tangi la Kungoja Mwezi

Dobi yule mtaa mzima ulimwita Pasimoto, kwa haraka zake. Ukimpelekea shati asubuhi, mchana umelivaa. Ndiyo maana mwenye duka la samaki wa mapambo alipomwambia ajaze tangi maji, awashe pampu, kisha akae mwezi mzima bila kutia samaki hata mmoja, alimkodolea macho akidhani anataniwa.

"Mwezi? Na maji yenyewe masafi hivi?"

"Usafi si hoja, mzee. Kuna vijidudu vinavyokula uchafu wa samaki, na humo bado havijazaliwa. Ukiwatia leo, uchafu wao wenyewe utawaua."

Mwezi! Autoe wapi? Mkewe alikuwa hoi kitandani, na daktari alishamvuta dobi pembeni akamwambia zimebaki wiki mbili tatu, basi. Siri hiyo aliimeza peke yake. Mkewe aliambiwa anapata nafuu. Naye mama wa watu aliomba kitu kimoja tu: chenye uhai cha kutazama, maana ukuta ulikuwa umemchosha.

Basi samaki wakaingia siku hiyohiyo, wekundu, na mikia mirefu ya madaha. Mama akacheka! Dobi hakuwa amesikia kicheko kile tangu ugonjwa uanze. Akaenda kulia jikoni.

Furaha yenyewe haikumaliza wiki. Maji yakaingia ukungu, samaki wakapanda juu wakitweta. Pasimoto naye, dobi ni dobi tu, akafanya analolijua: akamwaga maji yote, akasugua kokoto kwa brashi, akafua hata sponji ya chujio mpaka ikatakata. Lo, alijimaliza mwenyewe! Vile vijidudu vichache vilivyokuwa vimeanza kuzaliwa vikaishia kwenye karo. Samaki wakaanza kuelea, leo huyu, kesho yule, mbele ya macho ya mgonjwa.

Wa mwisho alipoelea, dobi alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono imelowa.

"Nisamehe, mke wangu. Yule bwana aliniambia ningoje mwezi."

"Alikwambia lini?"

"Siku ileile, dukani."

Miaka yote ya ndoa mama alikuwa akimcheka kwa haraka zake. Safari hii hakucheka.

"Mwezi tu? Si tungengoja, mume wangu? Mimi niko hapahapa, naenda wapi?"

Dobi akavuta shuka lililokuwa limeshakunjwa, akaanza kulikunja upya.

Alipoinua uso, mama alikuwa ameshaelewa. Machozi yalimtiririka mpaka kwenye mto, wala hakuyafuta.

"Kumbe," akasema. "Zima hiyo pampu. Halafu unigeuze, niangalie ukuta."