Mwezi Mweupe wa Lodwar

Baba yangu, Mawien, hakuwa na imani na vipimo vya hospitali. Daktari wa Kakuma alipomwambia kwamba presha ya macho imeshamuulia jicho moja, na la pili lisipofanyiwa upasuaji haraka litafuata, alicheka. Aliona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ukuta, lakini aliona. "Mwenye macho haambiwi tazama," alinijibu. "Siku nikishindwa kuona rangi ya Malual, hapo jicho limekufa. Na jicho lililokufa halikatwi."

Malual alikuwa maksai wake wa ujana, mwekundu. Kwetu Wadinka kijana hupewa maksai wake na kumwimbia mpaka uzeeni. Huyo vita vilimchukua kabla sijazaliwa, na bado baba alimwimbia hata akinyoa ndevu.

Basi tukapatana. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja Lodwar wiki ileile ya Septemba ambayo mwezi ungepatwa na kuwa mwekundu. Mwalimu Lokuruka, Mturkana aliyenifundisha zamani, alikuwa huko na darubini yenye kamera iliyopeleka picha kwenye kompyuta. "Lete mzee," aliniambia. "Ataona mwezi kubwa kama sufuria." Baba akaahidi: akiuona wekundu ule, kesho yake atalala mbele ya daktari bila neno. Sikuwa na wasiwasi. Alikuwa bado ananikosoa rangi za leso zangu.

Jioni ile Lokuruka alimlaki kwa "Ejok, mzee!", akamketisha darasani mbele ya skrini, akarudi uani kwenye darubini. Nikamfuata. Mwezi ulipoingia kivulini watu walipiga kelele, "Mwekundu! Kama damu!" Nikashangilia nao kama mjinga.

Niliporudi ndani, baba alikuwa amesimama, ameipa skrini mgongo.

"Wao wanaona nyekundu," alisema. "Mimi naona mweupe kama majivu. Twende nyumbani."

Hata kuitazama skrini sikuitazama. Nilikuwa namtazama yeye. Nililia, nikagomba, nikamwita Lokuruka amsihi. "Hii macho imekwisha, mwalimu," baba alimwambia, kwa upole ulionitia hasira zaidi. Asubuhi gari la Kakuma lilipita mbele ya hospitali, naye hakugeuza hata shingo.

Wiki kadhaa baadaye Lokuruka alinipigia simu. Alikuwa amefungua picha za jioni ile, akazikuta zote nyeupe. Programu ya kamera ilikuwa imejisasisha mchana na kurudisha mipangilio ya kiwandani, ile ambayo kamera hujiamulia yenyewe mwanga na rangi. Ilipoukuta wekundu, iliuona kasoro, ikausafisha.

"Sikuangalia, Adhel. Nisamehe."

Sikumsamehe, na mpaka leo sijamsamehe. Watu wa mbali waliamua mwezi uwe na rangi gani, na baba yangu akawaamini kuliko jicho lake.

Nilikimbia nyumbani. Baba alikuwa ameketi mlangoni, uso kwenye jua, hapepesi. Tundu lilikuwa limeshazibika siku chache nyuma, na daktari alikuwa ameshasema hakuna tena la kufanya.

Nilimweleza yote, polepole, nikarudia: kwamba kwenye skrini mwezi ulikuwa mweupe kweli, kwamba aliona sawasawa, kwamba jicho lake lilikuwa zima.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akapapasa, akaupata mkono wangu.

"Mama yako naye," alisema, "alijua kunidanganya vizuri hivyo akiniona na huzuni."